Kumpunguzia ng'ombe wa maziwa makali ya joto la Kano

Mfugaji wa Ahero, karibu na Kisumu, anaponunua mtamba wa Friziani kutoka Molo, humtoa kwenye baridi ya nyanda za juu na kumleta tambarare ya Kano, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30 na unyevu wa Ziwa Viktoria huzuia jasho kukauka upesi. Mnyama huyo huanza kutaabika kwenye nyuzi 25 hivi, kabla mfugaji hajahisi lolote, kwa sababu majani yanayochachuka tumboni mwake humzalishia joto jingine kutoka ndani.

Saa nane mchana, shika saa na uhesabu jinsi ubavu wake unavyopanda na kushuka. Pumzi zikizidi 60 kwa dakika, joto limemlemea. Akihema kwa mdomo wazi huku mate yakimtiririka, mmwagie maji papo hapo na umwite daktari wa mifugo.

Anza na maji, kwani ng'ombe anayekamuliwa huweza kunywa lita 100 kwa siku ya joto. Tia mkono kwenye birika: maji yakiwa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, atagusisha midomo tu na kuondoka. Hamishia birika kivulini, ulisugue kila siku, na usiliache tupu usiku.

Banda lielekezwe kwa urefu wake mashariki–magharibi, lisizibwe kuta, na paa liinuliwe walau mita tatu. Kwa aliyekwisha kujenga chini, na ni wengi, mafunjo ya ziwani yakitandazwa juu ya mabati hupunguza sana joto linalomshukia mnyama mgongoni, na gharama yake ni ndogo.

Unapommwagia maji, lowesha shingo na mgongo hadi ngozini, kisha upepo au feni imkaushe. Manyunyu mepesi ndani ya banda lisilopitisha hewa huongeza unyevu tu. Maji yasichuruzike hadi kwenye kiwele, yasije yakaleta ugonjwa wa matiti.

Sehemu kubwa ya majani ya nepia mpe jioni na alfajiri, pamoja na chumvi ya mifugo, maana madini mengi hupotea kwa mate na jasho.

Dalili za kutaka kupandwa nazo hufupika wakati wa joto na mara nyingi huonekana usiku, kwa hiyo pita bandani na tochi kabla ya kulala na tena kabla ya mapambazuko.