Kumzoesha mtaani mtoto wa mbwa atakayemuongoza asiyeona

Jamani mnaolea mtoto wa mbwa ili baadae amuongoze ndugu asiyeona, msikimbilie kumpeleka sokoni au stendi siku za mwanzo. Umri wa wiki 3 mpaka 14 hivi ndo anapokea vitu vipya kirahisi, ila chanjo zinakuwa bado hazijaisha, kwahiyo mtoe akiwa mikononi, usimshushe chini sehemu wanazopita mbwa wengine maana parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, inaua haraka.

Akishakamilisha chanjo anza mbali na kelele, kwa hapa Mtwara mjini mi napendekeza Shangani asubuhi mapema, bodaboda mbili tatu zinapita basi, akiiona pikipiki halafu akakugeukia wewe bila kuvuta kamba mpe hapohapo kipande cha samaki wa kuchemsha asiye na mwiba. Akibana mkia, akijilamba mdomo kila saa au akikataa hata huyo samaki ujue kaogopa, rudi nyuma mpaka atulie, usimburute wala kumfokea, mbwa anayeihofia bajaji asiyeona atamtegemeaje barabarani? Dakika 10 zinatosha kabisa.

Watoto wakitaka kumshika waombe kwa upole wamuache, anatakiwa ajifunze kupita watu bila kuwarukia, na huku kwetu wengi mate ya mbwa kwao ni najisi, kwahiyo kamba iwe fupi na uwape watu nafasi, hasa wanaoelekea msikitini.

Mchana gusa lami kwanza kwa mgongo wa mkono, ukishindwa kuvumilia sekunde 7 basi mrudishe kivulini.