Namna ya Kuirejesha Redio Ndogo Iliyoingia Maji

Redio ndogo ya betri inapotumbukia majini, toa betri kwanza, kabla ya kuifuta, kabla ya kuikung'uta, na hasa kabla ya kuiwasha ili kuona kama bado inalia. Kinachoiharibu haraka ni umeme unaopita katika maji yenye chumvichumvi, kwani huila shaba ya njia za saketi na kuacha utando wa kijani, na uharibifu huo huendelea muda wote betri ikiwa imo ndani.

Watu wengi huifukia redio katika mchele, nami siwashauri kufanya hivyo. Mchele hauyafikii maji yaliyonasa chini ya vipuri, tena huacha vumbi la wanga. Na hata tone la mwisho likikauka, chumvi iliyokuwamo majini hubaki palepale juu ya bodi (kibao chenye saketi na vipuri) na kuanza kuila upya kila inapopata unyevu. Kwa hiyo redio lazima ifunguliwe na kusafishwa.

Fungua skrubu kwa bisibisi inayozitosha barabara, kisha piga picha ya nyaya kabla ya kugusa chochote. Ikiwa maji yalikuwa ya bahari, ya sabuni au yenye sukari, suuza bodi kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa hadi hayana chumvi. Baada ya hapo ipake alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na uisugue polepole kwa mswaki laini, mahali penye hewa ya kutosha na mbali na moto. Iepushe spika na alkoholi, maana utando wake mara nyingi ni wa karatasi iliyogundishwa. Uwe mwangalifu zaidi karibu na koili (waya uliozungushwa mara nyingi) ya antena, ambayo nyaya zake ni nyembamba kama unywele na hukatika bila wewe kujua. Wala usizungushe viini (vipande vya katikati vinavyozunguka kama skrubu) vya koili nyingine, kwa sababu redio itapoteza ulinganifu wa masafa yake.

Iache ikauke kwa saa 24 hadi 48 mbele ya feni, si ndani ya jiko wala juani kwenye joto kali linaloweza kupinda plastiki. Springi za betri zenye ukoko mweupe uliotokana na betri za alkali husafishwa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha hufutwa kwa alkoholi.

Kabla ya kurudisha betri, washa swichi na upime kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, kati ya ncha mbili za chumba cha betri. Usomaji ukikaribia sifuri, pana shoti, yaani umeme unapita njia ya mkato isiyofaa. Rudi kwenye bodi ukatafute uchafu au lehemu iliyogusana. Kama hakuna shoti, tia betri mpya. Sauti ikikwaruza unapoiongeza, zima redio, zungusha kitufe cha sauti mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, kisha ujaribu tena.