Bati litoke stoo mwisho: namna ya kuanza ukocha wa softiboli chuoni

Softiboli ni ndugu wa besiboli: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa fimbo kisha anakimbia. Kabla ya yote, tafuta jina zuri la ile fimbo ya kupigia. Mimi niliiita gongo, maana ndivyo lilivyo. Wiki haijaisha nikaitwa ofisini kueleza kwa nini mwalimu wa michezo ameomba fedha za "magongo manne ya wasichana". Hapa Mwanza gongo ni ile pombe inayokimbizwa na polisi. Tangu siku hiyo tunasema bati, na maombi yangu yanapita bila maswali.

Nafundisha chuoni huku Nyegezi, softiboli ni ya jioni, posho hakuna. Vijana wanaotaka ukocha wananiuliza waanzie wapi, na karibu wote wanaulizia vifaa. Vifaa vitakuja. Anza na mikono.

Usitafute wasichana wanaojua softiboli, utazeeka. Tafuta waliocheza rede. Binti aliyekulia Kirumba au Igoma amesimama kati ya warushaji wawili tangu darasa la pili, anakwepa mpira wa soksi huku akijaza mchanga kwenye chupa. Anajua mpira unakwenda wapi kabla haujaachia mkono. Kwa hiyo siku ya mchujo sigawi fomu. Nachora mistari miwili, naita rede, nakaa kwenye jiwe (mawe hatuna shida nayo huku) na daftari langu mapajani. Anayempiga mwenzake gotini mara tatu mfululizo, huyo mrushaji, yaani wa kumrushia mpigaji. Asiyeguswa hata mara moja ni wa kukimbia besi, vile vituo ambavyo mpigaji huvizunguka. Na yule anayesahau kukwepa akaudaka mpira, mshike vizuri, mpe nafasi ya nyuma ya mpigaji. Haogopi, na kutoogopa sijawahi kuweza kumfundisha mtu.

Mwaka wangu wa kwanza nilikosea, nikatoa bati siku ya kwanza. Kila mtu akataka kupiga. Msichana mmoja mwenye mabega ya mpiga kasia alizungusha kwa nguvu zote, bati likamponyoka, likapita juu ya vichwa vyetu na kutua kwenye sufuria ya mama lishe aliyekuwa anauza maharage kando ya uwanja. Nililipa sufuria, nikalipa na maharage. Siku hizi bati halionekani hadi wiki ya nne.

Wiki tatu hizo ni kurusha na kudaka, wawili wawili. Waanze hatua tano. Wakifikisha 20 bila kuangusha, kila mmoja arudi hatua moja nyuma. Mpira ukianguka, wanaanza kuhesabu upya. Wataboreka, acha waboreke. Tumia mpira wa tenisi kwanza. Mpira wenyewe una mzingo wa kama sentimita 30, ni balungi dogo, na ukimkuta mtu asiyejua kudaka unamvunja kidole.

Kazi kubwa iko kwa mrushaji. Katika softiboli mpira hurushwa kwa chini: mkono unazunguka mduara mzima, mbele, juu, nyuma, kisha mpira unaachiwa karibu na nyonga. Ukieleza kwa maneno hawaelewi. Chukua kopo la rangi la lita moja lenye mkono wa waya, tia maji nusu, mwambie alizungushe. Mkono ukinyooka na mwendo usipokatika, maji hayamwagiki hata tone. Akisita kopo likiwa juu, anajimwagia kichwani. Sihitaji kusema neno. Wenzake wanacheka, yeye anajifuta uso na kuokota kopo. Mrushaji wangu wa sasa alilowa siku tisa. Siku ya kumi alizunguka mara sita mfululizo akiwa na kanga kavu begani, nikampa mpira.

Vipimo viwekee mafundo kwenye kamba ya katani, usikadirie kwa macho. Fundo la kwanza ni mita 13.11, kutoka kwa mrushaji hadi besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji. La pili ni mita 18.29, kutoka besi hadi besi. Wanaoanza waruhusu warushie mita 9 kwanza. Uwanja uelekeze upande ambao mpigaji hatazami jua la saa kumi na moja, na ukumbuke upepo wa ziwani wa alasiri: mpira uliopigwa juu hauanguki pale ulipodhani.

Kupiga sina mengi. Weka mpira juu ya chupa, chupa juu ya ndoo, apige 30, ampishe mwenzake. Anayeachia bati hewani anakaa nje jioni nzima. Kama bati la kweli hamna, mpini wa jembe uliolainishwa unatosha kwa mpira wa tenisi. Wala usione aibu: mchezo huu ulianzia Chicago mwaka 1887 ndani ya ukumbi, watu wakipiga glavu ya ndondi iliyofungwa kamba kwa mpini wa ufagio.

Wakubwa watataka kombe mwaka huohuo. Mimi huwapa habari za makocha wawili wa softiboli wa Marekani. Carol Hutchins alichukua timu ya Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1985, ubingwa wa taifa wa vyuo akaupata 2005. Patty Gasso alifika Oklahoma mwaka 1995, na misimu yake ya mwanzo timu ilichezea uwanja wa bustani ya mji, kwa kuwa chuo hakikuwa na wake. 2000 akawa bingwa, na baadaye akaongeza mataji mengine. Hapo wakubwa hunyamaza, angalau hadi bajeti ijayo.

Wazazi ni habari nyingine. Baba mmoja alivuka na kivuko kutoka Kamanga, akanikuta uwanjani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha: "Mwalimu, nasikia binti yangu anarusha mipira hadi magharibi. Anasoma saa ngapi?"

Nilimfungulia daftari. Kila mchezaji ana ukurasa wake: siku alizofika, mipira aliyodaka bila kuangusha, na alama za majaribio ya darasani, ambazo mimi huzifuata mwenyewe kwa walimu wenzangu. Anayeshuka darasani hachezi mechi. Mzee akapitisha kidole kwenye mstari, akasimama kwenye 41.

"Hii 41 ni ya somo gani?"

"Hiyo ni mipira, baba. Jumanne alidaka 41 mfululizo."

Akaomba mpira. Akarudi nyuma, akavua koti, akamrushia binti yake kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Binti akaudaka. Akarusha tena. Nusura aachwe na kivuko.

Kazi yako ya mshahara usiiache. Jifunze huduma ya kwanza na sheria za uamuzi, kwani mechi zenu nyingi mtachezeana wenyewe na wewe ndiye utakuwa refa.

Glavu zikija, zipake mafuta ya mgando, funga mpira ndani yake kwa kamba usiku mzima ili zishike umbo. Kisha zitie kwenye ndoo yenye kifuniko na uweke jiwe juu. Panya wa stoo yetu walikula mbili za kwanza.