SOMO: Mtoto akiungua au akianguka, fanya hivi

Wapendwa, kila wiki naulizwa "kamwagikiwa na chai, nipake nini?" Leo naandika yote kwa mkupuo, someni mpaka chini ndo muulize.

Wa kutambaa mpaka miaka mitatu huyu anaungua, anazama kwenye ndoo, humo humo ndani. Wa shule ni muembe na bodaboda.

1. Jiko la mkaa lisikae njiani. Chupa ya chai iwe mbali na ukingo wa meza, na kile kitambaa cha meza toa, anakivuta.

2. Ndoo na beseni mwaga au funika. Kichwa chake kizito, akiinama hainuki.

3. Akiungua. Hapa ndo nilikosea mie. Ilikuwa Ramadhani, Makorora hapa Tanga, nimetua sufuria ya uji kwenye mkeka nikageuka kuchukua sukari, wangu wa mwaka na nusu akatumbukiza mkono mpaka kiwiko. Nikakimbilia dawa ya meno nikapaka mkono mzima, jirani akaongeza ute wa yai. Hospitali nesi ikabidi aanze kuitoa ile dawa ishakauka, mtoto analia mpaka sauti imekata, na ngozi ya vidole viwili ikatoka nayo.

Kwa hiyo USIPAKE KITU. Vua nguo na bangili kabla hajavimba, iliyogandia iache. Maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, tazama saa, maana dakika mbili zitaonekana nyingi akiwa analia. Barafu hapana. Kwengine mfunike asipate baridi. Malengelenge usipasue. Funika kwa khanga safi, nenda hospitali, hasa ikiwa ni uso, mikono, miguu, sehemu za siri, kwenye kiungo, au pakubwa kuliko kiganja chake. Beba kadi ya kliniki, wataangalia chanjo ya pepopunda.

4. Akianguka mkono ukavimba, usikande wala usivute, ufunge na khanga ulivyoukuta. Kagua vidole, vikiwa baridi au vimepauka ni mbio. Akigonga kichwa halafu anatapika tapika, analala hovyo, degedege, au maji yanatoka puani au masikioni, usisubiri asubuhi.

MASWALI

Mama Nasra: Dada na asali je?
Jibu: Nimeandika usipake kitu.

Mzee wa Pongwe: Bibi zetu walitupaka mafuta ya nazi, mbona tumekua?
Jibu: Bibi alifanya alichokijua, namheshimu. Mafuta yanafungia joto ndani ya ngozi. Mie nazungumzia vidole vya mwanangu nilivyoviona kwa macho yangu kaka, sibishani na bibi wa mtu.

Fundi Sahare: Huku bomba linakata, kisima kina chumvi kidogo. Na ikishapita nusu saa maji yanasaidia?
Jibu: Swali zuri sana. Kazi ya maji ni kupoza, kwa hiyo ya kisima yakiwa masafi tumia. Chota kwa kopo umimine taratibu, beseni chini yakinge, ukichoka mwenzio apokee. Na yanasaidia mpaka masaa matatu baada ya kuungua, kwa hiyo usiseme nimechelewa.

Mama Pili: Mkono nimpeleke kwa fundi wa mifupa kwanza?
Jibu: Hospitali kwanza, apigwe picha. Vile vijiti anavyofungia fundi vikikazwa sana damu haipiti, mkono unakufa.

Mwalimu Duga: Niongezee, mafuta ya taa msiweke kwenye chupa ya soda.
Jibu: Ahsante mwalimu. Akiyanywa msimtapishe, yanaingia mapafuni. Hospitali moja kwa moja.

Mama Rehema: Dada, mwanangu kamwagikiwa maji ya moto mguuni sasa hivi nifanyeje??
Jibu: Maji. Dakika 20. Usinijibu, nenda.

Mama Rehema: Nimemaliza zote 20. Kanyamaza kidogo. Tuko kwenye bajaji twaenda hospitali ya Bombo.
Jibu: Kadi umebeba?

Mama Rehema: Ninayo.