Kuhamisha mfumo wa zamani wa udhibiti wa mbali bila kusimamisha mtambo

Mtambo uliokwisha kufanya kazi kwa miongo kadhaa kwa kawaida hauna mfumo mmoja wa udhibiti wa mbali, bali una matabaka yaliyowekwa kwa nyakati tofauti. Chini kabisa kuna vifaa vya kupimia vinavyotuma mkondo wa umeme kwenye waya. Juu yake kuna PLC, yaani kompyuta ndogo za kuendesha mashine, ambazo zilianza kuchukua nafasi ya makabati ya rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) mwishoni mwa miaka ya 1960. Kisha inakuja itifaki ya Modbus, yaani kanuni za vifaa kuwasiliana, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Na juu ya hayo yote kuna kompyuta za SCADA, zinazokusanya taarifa na kutoa amri, katika chumba cha udhibiti. Anayepewa kazi ya kuuboresha mfumo wa namna hii aanze kwa kujiuliza kila tabaka lililetwa kutatua tatizo gani, kwa kuwa matabaka ya chini mara nyingi hayana kasoro yoyote na yanaweza kubaki kama yalivyo.

Kazi ya kwanza ni kuorodhesha kila ishara kwa kutembea mtamboni na kufungua makabati, bila kutegemea michoro peke yake, maana waya nyingi huongezwa usiku wa dharura na mchoro hausahihishwi tena. Kwa kila ishara andika kipimo chake, mipaka yake, anwani yake na nani anayeitumia.

Ishara ya miliampea 4 hadi 20 usiidharau kwa sababu ya uzee wake. Sifuri ya kipimo inawakilishwa na miliampea 4, hivyo waya ukikatika mkondo unashuka hadi 0 na hitilafu inajulikana papo hapo. Ijaribu kwa kifaa cha kusawazishia, kinachotoa mkondo unaouchagua: kama kipimo cha tangi kinaanzia mita 0 hadi 8, ingiza miliampea 12 na skrini mpya isome mita 4. Ikisoma 4.8, aliyeweka mipangilio amehesabu kuanzia miliampea 0 badala ya 4. Kosa hilo haligunduliki tangi likiwa limejaa, kwa sababu miliampea 20 husomeka mita 8 kwa hesabu zote mbili.

Kwenye Modbus kuna mitego miwili inayokula muda kuliko yote. Kwanza, rejista (nafasi ya kumbukumbu inayohifadhi namba moja) inayoandikwa 40001 kwenye kitabu cha kifaa husafiri kwenye waya kama anwani 0, na programu nyingine hutaka namba ya kitabu huku nyingine zikitaka ile ya waya, kwa hiyo ukiona thamani za jirani mahali pa zile ulizotarajia, sogeza hatua moja. Pili, namba yenye desimali hukaa katika rejista mbili, na watengenezaji hawakukubaliana ipi itangulie. Joto la nyuzi 25 huhifadhiwa kama 16840 na 0. Zikisomwa kinyume, skrini itaonyesha 0.00, na opereta anaweza kudhani kipimo kimekufa.

Modbus pia husubiri kuulizwa, na haibebi saa ya tukio. Swichi iliyofunguka na kujifunga kati ya maswali mawili haitajulikana kamwe. Ndiyo sababu sekta ya umeme ilipata itifaki ya DNP3 mwaka 1993, ambayo huhifadhi matukio pamoja na muda wake hata mawasiliano yakikatika. Itifaki ya MQTT nayo ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyounganishwa kwa setilaiti, ambako kila baiti iliyotumwa ilikuwa na gharama. Basi chagua itifaki kwa kuangalia hali ya njia ya mawasiliano na umuhimu wa muda wa tukio. Upya wa itifaki si hoja.

Mfumo mpya uendeshwe sambamba na wa zamani, ukisoma tu bila kutoa amri. Kwenye laini ya RS-485 (waya mmoja unaoshirikiwa na vifaa vingi) yenye Modbus, muulizaji ni mmoja pekee, hivyo usiziunganishe seva mbili moja kwa moja. Weka kifaa cha kati kinachouliza mara moja na kuzihudumia zote mbili. Thamani zikilingana, hamisha mamlaka ya kutoa amri kituo kimoja kimoja, ukianza na kile ambacho kikikosea hakuna atakayeumia.

Kengele usizihamishe zote. Katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, mwaka 1994, waendeshaji wawili walikabiliwa na kengele 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Kengele isiyomtaka opereta afanye jambo fulani ibaki kwenye kumbukumbu tu.

Kuhusu usalama, kumbuka kwamba Modbus ya kawaida haiulizi anayetoa amri ni nani. Mwaka 2000 huko Maroochy, Australia, mtu aliyewahi kufanya kazi kwa mkandarasi wa mfumo alitumia redio kumwaga majitaka nje. Desemba 2015 wadukuzi waliwakatia umeme wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine, na mafundi waliurejesha kwa kwenda vituoni na kufunga swichi kwa mkono. Tenganisha mtandao wa mtambo na ule wa ofisi, na usiondoe swichi ya kuchagua kati ya udhibiti wa mbali na wa hapo kituoni, hata kama msimamizi anaona inachafua kabati. Kinga ya tangi kufurika nayo ibaki kituoni, izime pampu bila kupitia mtandao.

Kabla ya kung'oa seva ya zamani, nakili programu za PLC zote, kisha fanya jaribio ambalo wengi hulikwepa: kata umeme wa kituo kizima na uurudishe. Andika mapema ni pampu zipi zinapaswa kuwaka zenyewe na zipi zisubiri amri, halafu linganisha na kilichotokea.