Namna ya Kuendesha Mjadala wa Besiboli Kijiweni: Msimamo Kwanza, Jezi Baadaye

Kofia zenye herufi N na Y zilizofumbatana huvaliwa Mtwara nzima, kuanzia kwa madereva wa bodaboda hadi kwa wabeba mizigo wa bandarini, na wengi wanaozivaa huamini kwamba herufi hizo zinataja jiji la New York tu, basi. Kwa kweli ni nembo ya timu ya besiboli ya Yankees. Katika kijiwe chetu cha kahawa huku Shangani, kofia moja ya namna hiyo, iliyonunuliwa mtumbani, ndiyo iliyotuingiza katika mchezo huu: mwenye kofia aliulizwa timu yake inashika nafasi ya ngapi, akakosa jibu, na kesho yake akarudi na msimamo wa ligi kwenye simu. Tangu hapo, kila ifikapo Septemba, mabibo yanapoanza kuanguka mashambani, baraza letu hugawanyika pande mbili, upande mmoja ukibishania nani ataingia hatua ya mtoano na mwingine ukibishania jezi maalumu zinazovaliwa siku za kumbukumbu na sherehe. Nimekuwa nikisimamia mabishano hayo kwa misimu kadhaa, na haya ndiyo niliyojifunza kuhusu namna ya kuyaendesha.

Jambo la kwanza ni mpangilio. Anza na msimamo wa ligi, kisha ndipo uruhusu jezi. Anayeanza na jezi atamaliza asubuhi nzima kwenye jezi, kwa sababu uzuri wa nguo hauna mizani, ilhali msimamo una hesabu ambayo hata mpinzani wako hana budi kuikubali. Mkishakubaliana kuhusu hesabu, mabishano ya jezi yanakuwa na adabu zaidi, na mara nyingine, kama nitakavyoeleza, yanageuka kuwa swali lenye maana.

Kuhusu saa, panga mapema. Mechi nyingi za usiku katika miji ya mashariki ya Marekani huanza karibu na saa moja jioni kwao, nasi huku huwa ni karibu na saa nane usiku. Mechi huchukua takriban saa mbili na nusu hadi tatu tangu saa ya kumhimiza mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, ilipoanza kutumika mwaka 2023, kwa hiyo matokeo ya mashariki hufika karibu na adhana ya alfajiri. Za pwani ya magharibi, Los Angeles na San Francisco, huanza saa kumi na moja alfajiri yetu na kumalizika watu wakiwa wameshafungua maduka. Ndiyo maana mimi huita kikao saa mbili asubuhi, wala si kabla. Anayekuja saa kumi na mbili huja na habari nusu, na habari nusu ndiyo mama wa ugomvi. Wa zamu ya usiku bandarini ndio mashahidi wetu, kwa kuwa wao huwa macho muda wote, na huo msemo wetu wa Mtwara kuchele, yaani kumekucha, kwao si kaulimbiu bali ni ratiba ya kazi.

Sasa kuhusu msimamo wenyewe. Andaa ubao na chaki, kwa sababu hesabu ya mdomo haimshindi mtu mwenye sauti kubwa. Mweleze mgeni kwamba ligi kuu ya Marekani ina timu 30 zilizogawanywa katika ligi mbili, ya American na ya National, kila ligi ikiwa na kanda tatu za timu tano tano. Kila timu hucheza mechi 162. Tangu mwaka 2022 timu 12 huingia hatua ya mtoano, sita kutoka kila ligi: mabingwa watatu wa kanda, na timu nyingine tatu zenye rekodi bora miongoni mwa waliosalia, ambazo sisi tumeziita za nafasi ya ziada. Mabingwa wawili wenye rekodi bora zaidi katika kila ligi huruka raundi ya kwanza.

Mzoefu wa soka atatafuta pointi na hatazipata. Besiboli haihesabu pointi, huhesabu ushindi na vipigo, na wala haina sare. Mechi ikifungana huongezwa vipindi hadi mmoja ashinde. (Kijiweni kwetu huu ni utani wa kudumu: mchezo usio na sare hata moja, na wenye sare za kuvaa nyingi kuliko mchezo wowote.) Pengo kati ya timu mbili hupatikana kwa kuchukua tofauti ya ushindi, ukajumlisha na tofauti ya vipigo, kisha ukagawa kwa mbili. Tuseme timu ya juu imeshinda 85 na kufungwa 62, na inayoifuata imeshinda 82 na kufungwa 64. Tofauti ya ushindi ni tatu, ya vipigo ni mbili, jumla tano. Pengo ni mechi mbili na nusu. Hiyo nusu huwachanganya wageni, lakini inatokana tu na timu moja kuwa imecheza mechi moja zaidi ya mwenzake.

Hesabu ya pili, ambayo ndiyo yenye utamu mwezi Septemba, ni ile inayoonyesha timu inayoongoza imebakiza hatua ngapi kufunga kazi. Chukua 163, yaani mechi zote 162 na moja zaidi, toa ushindi wa timu ya kwanza, kisha toa vipigo vya timu ya pili. Katika mfano wetu, 163 ukitoa 85 na 64 unapata 14. Kila timu ya kwanza inaposhinda namba hiyo inapungua moja, na kila timu ya pili inapofungwa inapungua moja vilevile. Ikifika sifuri, ya pili haiwezi tena kumpita mwenzake. Iandike namba hii pembeni ya ubao na uibadilishe kila asubuhi mbele ya watu wote. Nimeona mabishano ya saa nzima yakizimwa na kitendo hicho kimoja cha kufuta na kuandika.

Msisitizie kila mtu aangalie zaidi safu ya vipigo. Mechi ambayo haijachezwa, timu bado inaweza kushinda au kufungwa, lakini iliyokwisha kufungwa haifutiki. Wazee wetu walioifuatilia Ndanda, timu ya soka ya Mtwara, ikihangaika kubaki Ligi Kuu, mechi za nyumbani zikichezwa pale Nangwanda Sijaona, hawahitaji kufundishwa jambo hili mara mbili.

Kabla ya mtu kutamka kwamba mbio zimekwisha, mkumbushe historia, na awe na tarehe. Mwaka 1964 Philadelphia Phillies waliongoza kwa mechi sita na nusu zikiwa zimebaki 12, wakafungwa mara kumi mfululizo, na ubingwa wa ligi yao ukaenda kwa St. Louis Cardinals. Mwaka 1951 New York Giants walikuwa nyuma ya Brooklyn Dodgers kwa mechi 13 na nusu katikati ya Agosti, wakawafikia, na tarehe 3 Oktoba Bobby Thomson akawamalizia Giants mchujo wa waliolingana kwa mpigo uliovuka uzio. Na tarehe 28 Septemba 2011, Boston Red Sox, ambao mapema mwezi huo walikuwa mbele ya Tampa Bay kwa mechi tisa, walifungwa kule Baltimore, na dakika chache baadaye Evan Longoria wa Tampa Bay akapiga mpira uliovuka uzio na kuwang'oa. Ubingwa wa ligi katika mchezo huu huitwa bendera, kwa sababu kweli kuna bendera inayopandishwa uwanjani. Hadi mwaka 1968 aliyeongoza ligi yake mwisho wa msimu ndiye aliyeipata moja kwa moja. Kuanzia 1969, zilipoletwa kanda, bendera hupiganiwa katika mtoano. Anayelinganisha timu ya leo na ya mwaka 1951 bila kutaja tofauti hiyo, mnyang'anye chaki.

Hapo ndipo ninaporuhusu jezi, na hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo watu wanapopotea.

Usikubali jezi zote maalumu zijadiliwe kwa pamoja. Kwanza zipo za kumbukumbu. Tarehe 15 Aprili kila mchezaji huvaa namba 42 kwa heshima ya Jackie Robinson, aliyevunja ukuta wa ubaguzi wa rangi katika ligi hiyo mwaka 1947, na namba hiyo imestaafishwa kwa timu zote tangu 1997. Tarehe 15 Septemba, katikati kabisa ya mbio za mwisho, utawaona wachezaji wengi wakiwa na namba 21, ambayo ni kwa ajili ya Roberto Clemente wa Pittsburgh, aliyefariki kwa ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada Nicaragua baada ya tetemeko la ardhi. Msimamizi hodari hamruhusu mtu kuzikosoa kwa rangi wala kwa mtindo; swali pekee linaloruhusiwa ni iwapo kumbukumbu inaeleweka kwa anayetazama. Kijana mmoja aliwahi kulalamika kwamba siku ya namba 42 hakuweza kutofautisha wachezaji kwa namba. Mzee mmoja akamjibu, "Mwanangu, ndiyo maana yake." Nami nikafunga hoja hiyo.

Kundi la pili ni zile za biashara na za mji, ambako ukali unaruhusiwa. Tangu mwaka 2021 Nike imekuwa ikitengeneza kwa karibu kila timu jezi inayosimulia mji wake badala ya rangi za kawaida za timu. Yankees hawakuwa nayo hata msimu wa 2025, na hilo halishangazi, kwani hao hata majina ya wachezaji hawaweki mgongoni. Mwaka 2017, wikiendi ya wachezaji ilipowataka wote waandike majina yao ya utani, ndipo jina lilipoonekana kwenye migongo yao. Hapa uliza maswali matatu: je, anayetoka mji huo angejitambua? Je, kutoka jukwaa la mbali mtu angejua nani anacheza na nani? Na je, jezi hiyo inamsumbua mchezaji katika kazi yake? Swali la tatu lina ushahidi wake. Agosti 2019 timu zilivalishwa nyeusi tupu au nyeupe tupu, na warushaji wa timu za nyeupe ilibidi wapewe kofia nyeusi, kwa sababu mpira mweupe ukitoka mbele ya kofia nyeupe mpigaji angeshindwa kuuona. Mimi binafsi naziona zile kuwa mbovu kuliko zote, hata kuliko kaptura za Chicago White Sox za Agosti 1976, ambazo angalau zilichekesha.

Ukitaka kuwaeleza wasiozoea besiboli kwa nini watu wanakasirikia rangi, waulize shabiki wa Yanga angejisikiaje timu yake ikitoka na jezi nyekundu kwa sababu ya sherehe fulani. Kimya kitakachofuata kitakusaidia kuliko maelezo yangu.

Sasa ile pahali ambapo mijadala miwili hukutana. Mwaka 2021 Red Sox walitengenezewa jezi ya njano na buluu, rangi za mbio za marathoni za Boston, timu ambayo jina lake lenyewe ni soksi nyekundu. Wakongwe walichukia. Lakini Septemba, wakiwa katika kinyang'anyiro cha nafasi ya ziada, walianza kushinda wakiwa wamezivaa, wakaendelea kuzivaa siku kadhaa mfululizo kwa kuwa hakuna aliyetaka kuuvunja mnyororo. Walimaliza msimu na ushindi 92 na vipigo 70, sawasawa na Yankees, kisha tarehe 5 Oktoba wakawatoa kwa 6 kwa 2. Je, jezi ilishinda mechi? Msimamizi asikubali jibu la ndiyo wala la hapana kwa pupa. Amtake anayedai bahati aandike ubaoni nani alikuwa mrushaji siku hizo na wapinzani walikuwa akina nani. Mara nyingi dai hupungua lenyewe. Lakini usimcheke mtu huyo, kwa kuwa hata mimi nina shati ambalo sikulifua Namungo ilipokuwa inaelekea fainali ya kombe mwaka 2020, na mtu anayekaa nami barazani anajua hivyo.

Kuhusu lugha, weka sharti moja tu: anayemwita mwenzake mzee, shehe au kaka kabla ya kupinga hoja yake anaruhusiwa kupinga kwa ukali atakao. Asiyefanya hivyo hungoja zamu inayofuata. Utani wa Simba na Yanga uachwe nje ya ubao, la sivyo besiboli itasahaulika kabla kahawa haijapoa.

Siku ya mwisho ya msimu iandaliwe peke yake. Kwa miaka ya karibuni mechi zote za Jumapili hiyo hupangwa kuanza karibu wakati mmoja, kiasi cha saa tisa alasiri ya New York, yaani saa nne usiku huku kwetu, ili timu moja isicheze ikijua matokeo ya nyingine. Tangu 2022 hakuna mechi ya ziada ya kuamua waliolingana. Huangaliwa kwanza rekodi walipokutana wao kwa wao. Kwa hiyo alasiri ya siku hiyo nakili kwenye daftari rekodi za timu zote zinazoweza kulingana, chaji simu mbili, na andaa taa ya betri, maana mwaka mmoja umeme ulitukatikia kukiwa kumebaki kipindi kimoja, nasi tukamaliza mbio zile kwa daftari, simu yenye chaji asilimia nne, na mzee mmoja aliyekuwa akisoma matokeo kwa sauti huku wengine tukifuta na kuandika gizani.