Kukokotoa umbali na muda wa safari ya ndege kati ya miji miwili

Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Dunia ni mviringo, na njia fupi kuliko zote juu yake ni ile ya duara kuu (duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia), ambayo kwenye ramani bapa huonekana imepinda.

Tafuta latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe, si za katikati ya miji. Heathrow, London, ni 51.47 na -0.45; JFK, New York, ni 40.64 na -73.78. Magharibi na kusini huwekewa alama ya kutoa. Ukikuta 51°28′ usiandike 51.28: gawa 28 kwa 60, upate 51.47. Kosa hili peke yake linaweza kukupoteza kilomita ishirini na zaidi.

Sasa zidisha sini za latitudo zote mbili: 0.5095. Kisha zidisha kosini zake, na jibu hilo ulizidishe tena kwa kosini ya tofauti ya longitudo (73.33): 0.1356. Jumla ni 0.6451. Kosini kinyume cha namba hiyo (kitufe cha cos⁻¹ kwenye kikokotoo) ni nyuzi 49.83, na kila nyuzi moja ni kilomita 111.2, kwa hiyo umbali ni karibu km 5,540. Jibu likitoka la ajabu, angalia kikokotoo: mara nyingi kimewekwa kwenye radiani badala ya nyuzi.

Kwa muda, gawa umbali kwa 850, wastani wa kilomita ambazo ndege ya jeti hukata kwa saa (ya mapangaboi mpe 500), halafu ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hapa tunapata kama saa 7. Lakini upepo hauna adabu. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo ukiukabili kwa km 100 kwa saa, mwendo unabaki 750 na safari inafika karibu saa 8. Kurudi, unakusukuma: saa 6 na dakika 20 hivi. Ratiba huandika zaidi ya hapo, kwa kuwa mashirika huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inaposimama tena, na huweka akiba ya ucheleweshaji.

Anga ikifungwa, hesabu ya duara kuu haitoshi. Tangu 2022, ndege nyingi za London–Tokyo huizunguka Urusi, na safari imerefuka kwa saa kadhaa.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa mahali husika. Kuondoka London 10:00 na kufika New York 13:00 si safari ya saa tatu. Badili zote mbili ziwe UTC (saa ya pamoja ya dunia nzima) kwanza, utaona ni nane. Jihadhari na Machi: Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili, Uingereza Jumapili ya mwisho, na katikati hapo tofauti yao hushuka kutoka saa 5 hadi 4.

Kama unaunganisha ndege, kokotoa kila kipande peke yake, na ile nusu saa iongeze kwa kila kipande.